Mahali pa Kuuzika Mguu

Msumari uliotoboa unyayo wa Kezia Awuor aliupigilia yeye mwenyewe.

Alikuwa fundi wa akala katika soko la Kariokor, viatu vile vya gurudumu kuukuu ambavyo zamani vilivaliwa na kila mwanamume aliyetembea kutoka Pumwani hadi mjini kutafuta kibarua, na ambavyo siku hizi hununuliwa na watalii wakavitundike ukutani. Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, Ogola, baada ya Ogola kuachishwa kazi kwenye reli. Ogola alipokufa, watu walidhani mjane atarudi Ugenya kwa shemeji zake. Hakurudi. Alikalia kigoda cha mumewe, akashika kisu cha mumewe, akawa anakichovya katika mkebe wa maji na kukata mpira kama mtu anayekata mkate. Wanaume wa safu yetu walimcheka kwa muda, kisha wakachoka kucheka.

Nasema safu yetu kwa sababu kibanda changu kimepakana na chake. Mimi nashona mikoba ya ngozi. Upande wake wa pili hukaa Ruqiyo, mzaliwa wa Pumwani, mjane pia, muuza mashuka na ubani. Kezia tulimwita Mama Silva, kwa jina la mwanawe Sylvance, ambaye yuko ughaibuni analinda majengo ya Waarabu. Ruqiyo tunamwita Mama Habon. Katika safu yetu watu bado husalimiana asubuhi kabla ya kufungua vibanda. Huko mitaani jambo hilo limekwisha. Nyumba za zamani tulizozijua, ambapo mtoto akilia mwanamke yeyote humbeba, zimezungushiwa mabati zikisubiri kubomolewa, na katika maghorofa mapya mtu anaweza kufa na jirani wa mlango wa pili akazijua habari kwa kusoma simu.

Basi asubuhi moja Kezia alipita mbele ya vibanda vyetu kwenda kujaza maji mkebe wake, na tukasikia mlio kwenye saruji.

"Mama Silva, kiatu chako kinalia," Ruqiyo akamwambia.

"Kinamlilia mwenzake."

"Kweli lakini. Tak, tak, tak. Umekuwa farasi?"

"Farasi wa Ngong. Niwekee dau."

Tulicheka sote. Alirudi na maji, na mlio ukarudi naye. Jana yake pia nilikuwa nimeusikia, nikadhani ni mtu anapigilia kitu safu ya nyuma. Ruqiyo akamwambia akae, akainama kukivua kile kiatu cha mguu wa kulia. Alilegeza mkanda, akavuta. Kiatu hakikutoka. Akavuta tena, na mguu mzima ukaja pamoja na kiatu, kama kitu kimoja.

Soli ilikuwa imelika. Kichwa cha msumari ndicho kilichokuwa kikigonga saruji, na kila alipokanyaga, ncha ilipanda juu. Ilikuwa imeingia yote ndani ya nyama. Ruqiyo alipoung'oa, ulitoka ukiwa mweusi, na kilichofuata hakikuwa damu peke yake.

Nilimtazama Kezia usoni nikitarajia apige ukelele. Alikuwa anautazama mguu wake kama mtu anayetazama kitu cha jirani.

"Sisikii kitu," alisema. Kisha akasema tena, polepole, "Mama Habon, sisikii kitu."

Alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi na sote tulijua. Hatukujua kwamba ugonjwa ule huua kwanza maumivu, halafu ndipo humwua mwenyewe. Tangu siku ile niliona hofu ikikaa naye kwenye kibanda, kama mteja asiyenunua na asiyeondoka.

Aliutibu nyumbani kwa maji ya moto na chumvi. Kwa kuwa hakusikia joto, aliuchoma. Akaufunga kwa leso, akavaa soksi juu ya leso, akaja kazini. Siku moja alimwomba Ruqiyo ubani kidogo, akasema ni wa kufukizia nyumba, ina unyevu. Siku nyingine akaomba tena. Aliomba tena na tena, na akaanza kuufukiza pale pale kibandani, na ubani wa Ruqiyo ni mzuri, lakini chini ya harufu yake tulianza kusikia nyingine. Ruqiyo hakuuliza. Alimpa ubani, akageuza uso akapanga mashuka yaliyokuwa yamepangwa tayari.

Mwisho tulimpeleka hospitali, sisi wawili, tukimshika kila mtu bega lake. Daktari alifungua leso, akatazama vidole, akabonyeza juu ya kifundo, akabonyeza tena karibu na goti.

"Mama, nyama hii imekufa," alisema. "Tukiuacha mguu, utakufa wewe. Tukate hapa, chini ya goti. Na tusikawie."

"Mnakata kwa nini?"

"Kwa msumeno, mama. Utakuwa umelala."

Kezia alikuwa mtu wa kukata. Aliuliza kama fundi anavyomwuliza fundi. "Na kinachokatwa mnakipeleka wapi?"

Daktari hakuwa mtu mbaya, alijibu alichoulizwa. "Kuna tanuri. Vitu hivyo huchomwa."

Kezia akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Akasema anakwenda msalani. Alitoka kwa lango kuu huku akijikokota kando ya ukuta, na sisi tukamsubiri kwenye benchi kama wajinga.

Tulimkuta kibandani kwake. Alikuwa amekaa na kisu mkononi, hakati kitu.

"Mimi si kuni," alisema.

Sasa nieleze hofu yake, maana wengine wataiona ndogo. Alilelewa kanisani tangu utoto, akaimba kwaya na Ogola, na siku za zamani kanisa la mtaa wetu likitoka Jumapili jioni na ngoma na mabango, yeye ndiye aliyetangulia na bendera. Aliamini ufufuo wa mwili kama alivyoamini kesho kutapambazuka. Aliamini pia, kama watu wa kwao, kwamba mtu hulala katika ardhi ya boma lake. Imani hizo mbili zilikuwa zimekaa ndani yake kwa amani maisha yake yote. Sasa aliambiwa sehemu yake moja itachomwa Nairobi pamoja na bendeji chafu, na nyingine izikwe Ugenya siku itakapofika. Atalala vipi? Ataamka vipi? Na lile neno la Bwana, kwamba mguu ukikukosesha ukate, lilimjia kila saa. Alijiuliza mguu wake ulikanyaga wapi pabaya. Alisema hawezi kutia sahihi mpaka ajue mahali mguu utakapolala. Na asipotia sahihi, hakuna atakayemkata. Na asipokatwa, kila asubuhi ule weusi ulikuwa umepanda kidogo.

Akampigia simu shemeji yake Tobias, ndugu mdogo wa Ogola, mwenye boma sasa. Aliiweka simu kwenye kipaza sauti ili tusikie, labda alitaka mashahidi.

"Shemeji, umesema mguu?" Tobias aliuliza. Nyuma yake jogoo alikuwa anawika.

"Mguu, shemeji. Wa kulia. Niulete uzikwe karibu na Ogola."

"Na wewe mwenyewe utakuwa hai?"

"Ndivyo wanavyosema."

Jogoo akawika tena. "Huku hatuwezi, Kezia. Ardhi ya boma haifunguliwi nusu. Ukiifungua kwa kipande, itadai kilichobaki. Nizike mguu leo, kesho niambiwe ni mimi niliyemwita mke wa ndugu yangu kaburini?"

"Kwa hiyo nife nao?"

"Sijasema ufe. Nimesema usiulete."

Kezia akazima simu. Ruqiyo akasema, "Huyu naye." Wazee wa zamani wangeketi, wangechinja hata kuku, wangetafuta njia. Mila ilikuwa na milango mingi. Wa siku hizi wamebaki na mlango mmoja tu, ule wa kukataza.

Sylvance alipiga simu siku hiyo hiyo, maana habari zilikuwa zimemfikia.

"Mathe, niaje. Nimeskia ulihepa hosi."

"Nilikwenda msalani."

"Msalani gani hiyo iko Kariokor? Mathe, wacha hizo story za ushago. Mguu ni nyama tu. Wakate, wachome, uishi."

"Nyama tu," Kezia akasema. "Huu ndio niliokwenda nao hospitali ya Pumwani kukuzaa, mvua ikinyesha, baba yako yuko zamu. Ungekuwa nyama tu ungezaliwa njiani."

Tukasikia kijana anavuta kamasi. "Mathe, naogopa," alisema. "Niko mbali na naogopa."

"Hata mimi, baba," alisema Kezia.

Ndipo akaenda hemani.

Hema lile la maombezi lilikuja mtaani mwaka uliopita na vipaza sauti vinavyotikisa madirisha. Mhubiri wake alimshika kichwa Kezia akamwambia kwamba hofu ni pepo, kwamba anayeogopa hajaamini, na kwamba akifunga kula na kunywa kwa siku alizompa, nyama iliyokufa itafufuka. Kezia, ambaye alikuwa ameimba katika kanisa la matofali kwa miaka arobaini bila kuambiwa ana pepo, alifunga. Hakula. Hakunywa. Lakini vidonge vyake vya kushusha sukari aliendelea kuvimeza, kwa sababu hakuna aliyemwambia aviache na yeye ni mtu wa kutii.

Alianguka kibandani mchana, uso ukigonga ubao wa kukatia. Jasho lilikuwa linamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Watu wakajaa. Mmoja akasema ni kifafa, mwingine akasema ni lile pepo linatoka. Ruqiyo aliwasukuma kwa viwiko, akamimina sukari kiganjani, akampaka Kezia ndani ya shavu na kumsugua.

"Kila Ramadhani nawaona hawa," alisema, hakuwa akimwambia mtu yeyote. "Wanafunga na vidonge tumboni. Mgonjwa hafungi. Hata sisi, mgonjwa hafungi. Nani amekudanganya, dada yangu? Meza."

Kezia alipofungua macho, tulimpa chai yenye sukari, na akainywa huku meno yakigongana na kikombe.

"Hofu haikutoka," alisema.

"Haikutoka," Ruqiyo akakubali. "Kunywa." Kisha akakaa chini kabisa, kwenye saruji, jambo ambalo kwa magoti yake si dogo. "Mama Silva, unatafuta mahali pa kuuzika mguu. Mbona hukuniuliza mimi? Mkono wa Jimale tuliuzika."

Jimale alikuwa mumewe. Nilimkumbuka na mkono mmoja, lakini sikuwahi kujiuliza ule mwingine ulikwenda wapi. Lori ndilo lililouponda, zamani, akishusha mizigo.

"Haukusaliwa," Ruqiyo alisema. "Mwenyewe alikuwa hai, yuko kitandani anaomba chai. Lakini ulivikwa kitambaa cheupe, ukafukiwa makaburini kwa heshima. Mwanadamu hatupwi, hata kidogo chake."

"Na alipokufa?"

"Alilazwa kwingine. Pale palikuwa pamejaa. Ukuta uko katikati yao."

"Na hukuogopa? Kwamba hawatakutana?"

"Niliogopa. Lakini aliyemuumba kutoka tone la maji atashindwa na ukuta?"

Kezia alikitazama kikombe. "Hayo ni ya kwenu," alisema. Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu mwenye baridi anayetazama moto ulio ng'ambo ya mto.

Ruqiyo hakukasirika. "Basi muulize wa kwenu."

Wa kwao alikuwa Kasisi Wandera, kijana aliyeletwa kanisani juzijuzi, mwembamba, kola yake imemzidi shingo. Jioni ile alikuja nyumbani kwa Kezia, katika moja ya zile nyumba za zamani ambazo hazijabomolewa. Mimi na Ruqiyo tulikuwapo. Harufu ilikuwa nzito ndani ya chumba kile, na nilimtazama kasisi nione kama ataziba pua. Hakuziba. Alivuta kiti karibu na mguu.

"Mama, nimetafuta," alisema. "Kitabu cha sala hakina sala ya mguu."

"Basi hakuna."

"Basi nitaomba bila kitabu."

Kezia alimtazama mikono. "Unatetemeka, kasisi."

"Naogopa, mama. Sijawahi kumwambia mtu akubali kukatwa. Ukifa mezani nitajua ni mimi niliyekutuma."

"Wa hemani alisema hofu ni pepo."

Kijana alifikiri. "Bwana naye aliogopa pale bustanini. Alitoka jasho, akaomba kikombe kimwondokee. Sijasikia mtu akisema alikuwa na pepo." Akaongeza, "Na lile neno la mguu unaokukosesha, mama, si la madaktari. Mguu wako haukukosa. Ulitobolewa tu."

Nje, vipaza sauti vya hema vilianza kujaribiwa. Kezia alikuwa ameokota msumari wa akala kutoka kwenye kopo kando ya kitanda, anauzungusha kati ya vidole.

"Kasisi, alipofufuka aliwaonyesha miguu."

"Ndiyo, mama."

"Ilikuwa na mashimo ya misumari."

"Ndiyo."

"Baba yake angeweza kuyaziba."

"Angeweza."

"Hakuyaziba." Alirudisha msumari ndani ya kopo. "Alitoka kaburini hivyo hivyo, na mashimo. Na ndiye Bwana."



Kisha Kezia akanigeukia. "Mzee, niletee kisu changu."

Nilidhani ameamua kuukata mguu mwenyewe. Ruqiyo alinishika mkono wa shati. Kezia akatuona, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya msumari akacheka.

"Mtaogopa mpaka lini, nyinyi? Leteni na kipande cha gurudumu. Na uzi wako ule wa mikoba, Mzee, na sindano ya ngozi."

Alishona akala kitandani, jozi moja, saizi yake. Hakutia msumari hata mmoja. Mikanda aliishona kwa uzi wangu, tundu kwa tundu, ingawa akala kwa kawaida haishonwi. Mpira ule hukataa sindano, na mara mbili ilivunjika. Alipomaliza alimpa Ruqiyo kiatu cha kulia.

"Hiki kiende nao," alisema. "Na kitambaa cheupe, kama cha Jimale. Na kasisi aseme atakachosema. Popote patakapopatikana. Nimekubali." Halafu akasema, kwa sauti iliyoshuka, "Nimekubali, lakini hofu iko pale pale. Msifikiri imetoka."

Kule hospitali tulimwambia daktari kwamba mgonjwa atatia sahihi mguu usipochomwa, wapewe watu wake wauzike. Alisema wapo wanaoomba hivyo, hakuna shida. Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Hatukujua kwamba mtu angeweza kuomba.

Asubuhi ya kukatwa, kitanda chake cha magurudumu kilikuwa kinalia kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka. Alimwomba Ruqiyo aushike mguu. Ruqiyo aliushika kwa mikono miwili, huo mweusi, bila kitambaa.

"Umeushika?"

"Nimeushika."

"Mimi siusikii. Niambie ukiuachia."

Kisha akaomba, nasi tukasikia, maana hakunong'ona. "Bwana, naogopa. Nimekuja hivyo hivyo." Haikuwa na zaidi ya hayo. Wakamsukuma kupita milango miwili ya mpira, na Ruqiyo akabaki na mikono yake mbele yake kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Mimi ndiye niliyeubeba mguu. Hirad, mpwa wa Ruqiyo, alitupeleka kwa teksi yake hadi makaburi ya jiji, mahali wanapolazwa watoto wachanga, ambapo kasisi alikuwa amepata nafasi. Nilikuwa nimeupakata, umevikwa shuka jeupe jipya la dukani kwa Ruqiyo. Ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia. Zamani mtaa wetu ukizika, lori lilijaa watu na wimbo, na waliokosa nafasi walikimbia nyuma. Sasa tulikuwa watatu, na Hirad wa nne, ambaye alikataa kuzima injini kwa woga.

Kijana mmoja wa kuchimba aliuliza, "Mzee, mtoto alikuwa wa miezi mingapi?"

"Si mtoto. Ni mguu," kasisi alisema.

"Wa nani?"

"Wa mama mmoja. Yuko hai."

Mchimbaji alimtazama mwenzake. "Mwambieni alete na mwingine, tumfanyie bei ya jozi." Mwenzake hakucheka. Alivua kofia, na baada ya muda yule wa kwanza naye akavua yake.

Ruqiyo alifungua shuka upande mmoja tu, akauvisha mguu kile kiatu kilichoshonwa, akafunga mkanda, akaangalia kama umekaza, akafunika. Kasisi aliomba bila kitabu. Alimwambia Mungu kwamba hiki ni cha Kezia Awuor, akitunze mpaka mwenyewe atakapokuja kukichukua. Udongo uliingia haraka. Shimo lilikuwa dogo.

Tulipofika wodini alikuwa ameamka.

"Mmekiweka kiatu?"

"Tumekiweka."

"Mkanda?"

"Nimeufunga mwenyewe," alisema Ruqiyo.

Kezia alifumba macho. Kisha uso wake ukabadilika. Alishika shuka kwa nguvu, akaangalia mahali ambapo kitanda kilikuwa bapa, pasipo kitu.

"Mbona nausikia?"

"Nini?"

"Mguu. Miezi yote hiyo siusikii, sasa nausikia. Unaniwasha. Kwenye kidole gumba. Mama Habon, uko chini ya udongo na unaniwasha." Pumzi zilikuwa zinamtoka fupi fupi. "Tobias alisema. Ardhi inadai kilichobaki. Inaniita."

Nilirudi nyuma hatua moja. Sikatai. Kasisi naye alirudi nyuma.

Ruqiyo peke yake hakushtuka. Alisogea mwisho wa kitanda. "Vidole vya Jimale viliwasha zaidi ya mwaka," alisema. "Aliniomba nimkune mkono ulioko makaburini. Mwanzo nililia. Halafu nikawa namkuna. Ni upande huu?"

Akanyoosha mkono, akaanza kukuna hewa, pale ambapo kidole gumba kingekuwa.

"Chini kidogo," alisema Kezia.

"Hapa?"

"Hapo. Polepole." Alikuwa analia, na katikati ya kulia akacheka. "Mama Habon, sisi ni wazimu."

"Jimale alikuwa akisema nikune kwa nguvu, kwani sina kucha?"

Aliendelea kukuna mpaka Kezia akaachia shuka. Kisha kasisi akakumbuka kazi yake, akasogea, akaweka mkono juu ya goti lililofungwa. Kezia ndiye aliyeomba, si yeye. Aliomba kwamba kama ardhi inaita, Bwana aiambie ingoje.

Sasa amerudi Kariokor. Hutembea kwa magongo mawili ambayo aliyavisha soli za gurudumu ili yasiteleze, na wanaume wa safu yetu wameagiza kama hayo kwa ajili ya wazee wao. Tobias hajapiga simu tena. Sylvance hupiga kila Jumapili na hasemi tena kwamba mguu ni nyama tu. Mtaa wake umeshaanza kubomolewa upande wa barabara, na hatujui atahamia wapi, wala ghorofa atakayopewa itakuwa na ngazi ngapi. Hilo nalo analiogopa, na hulitaja katika sala kwa jina lake.

Lakini hofu iliyo kubwa kuliko zote ni ya mguu wa kushoto. Ule nao umeanza kufa ganzi. Kila asubuhi, kabla hajachovya kisu katika maji, hukaa kwenye kigoda, huvua ile akala iliyoshonwa kwa uzi, ambayo mwenzake yuko ardhini, na hunyoosha mguu kuelekea kwangu au kwa Ruqiyo, yeyote aliyetangulia kufika. Haoni aibu. Sisi tunavaa miwani, tunauinua, tunatazama unyayo wote, kati ya vidole, kisigino.

"Kuna kitu?"

"Hakuna, Mama Silva."

"Tazama tena, Mzee. Mimi siusikii."

Natazama tena.